Mwanasesere wa kanga aliyemfungua mwanangu mdomo

Juzi usiku mama mmoja wa Tabora kaniandikia: "Dada, mwanangu kavunjika mguu, tuko wodini wiki ya pili. Haongei. Nikimuuliza anajisikiaje anageukia ukutani." Nilisoma nikalia. Ukuta huo naujua.

Mwaka 2019 binti yangu, miaka mitano, alimwagikiwa na uji wa moto kifuani na mkononi. Tulilazwa wiki sita. Kila siku ya kuoshwa kidonda, akisikia tu magurudumu ya toroli la dawa, alianza kutetemeka. Kwangu hasemi neno. Muuguzi mmoja akanifokea mbele ya wenzangu kwamba namdekeza. Mpaka leo linaniuma.

Wiki ya tatu, muuguzi mwingine, mama mtu mzima, alinipa bomba jipya lisilo na sindano na kipande cha bendeji. "Mwachie acheze. Wewe kaa kimya." Nikaviringisha kipande cha kanga safi, nikakikaza uzi shingoni, kikawa mtoto. Binti alikitazama mchana kutwa. Jioni akaanza kukifunga bendeji, anakaza kwelikweli, huku anakigombeza: "Nyamaza! Ulikatazwa kukaa jikoni, hukusikia. Sasa unachomwa sindano!"

Ilikuwa sauti yangu. Ndiyo maneno niliyomwambia ndani ya bajaji tukikimbilia hospitali. Kumbe wiki tatu nzima mwanangu aliamini anaadhibiwa. Watoto wadogo wengi huwaza hivyo, kwamba ugonjwa umekuja kwa sababu ya kosa lao, na hawasemi.

Sikumjibu yeye, nilimjibu mwanasesere: "Mwanangu, hujakosa kitu. Wanakuosha upone." Binti akanishika mkono. "Mwambie tena." Nikamwambia tena, na tena, mpaka taa za wodi zikazimwa.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, acheni kumhoji mtoto. Mpeni kitu mkononi, yeye awe daktari, ninyi muwe wagonjwa. Akimpiga mwanasesere, msimkataze. Akimzika, msimkemee, kaeni hapo hapo msikilize. Mwenye kidonda apewe kitu kinachofulika, na muulizeni muuguzi kwanza. Aliyefungwa mguu bado ana mikono: donge la unga wa ngano uliokandwa linamtosha. Lakini msimhoji!

Na asiwaambie mtu kwamba mnadekeza. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinasema mtoto ana haki ya kucheza, na Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Haki hiyo haiachwi getini pamoja na viatu. Tunabeba chupa ya chai, beseni, shuka mbili, na moyo wa mtoto tunausahau nyumbani.

Mdogo wangu wa Tabora, tafuta kitambaa safi leo. Mfunge mwanasesere mguu ule ule aliovunjika mwanao, mlaze pembeni yake, halafu usiseme kitu.