Wasomaji Wanauliza: Baiskeli Kwenye Njia za Msituni

SWALI: Ndugu mhariri, kila wiki napita na baiskeli katikati ya mipaina ya Sao Hill kwenda Mafinga. Nimeanguka mara mbili kwenye mteremko uleule, tena kiangazi. Breki zote ni mpya. Tatizo ni nini? (Msomaji, Mufindi)

JIBU: Breki hazina kosa. Majani makavu ya mipaina hulaliana kwa unene wa vidole viwili au vitatu. Kashata za tairi, yaani yale meno yake, huyashika majani, lakini majani yenyewe hayajashika ardhi, na chini yake udongo mwekundu hubaki na unyevu wa umande. Hapo breki mpya inayobana ghafla ndiyo hukuangusha mapema, hasa ya mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza unaweza kulirudisha. La mbele likiteleza, uko chini kabla hujajua.

Punguza mwendo ungali kwenye udongo mtupu. Ukiingia kwenye majani, achia breki ya mbele, gusa ya nyuma kidogo kidogo, na usukani unyooke. Inuka kitini, pedeli zikiwa usawa mmoja, magoti yamelegea, kwa sababu humo chini kuna mizizi. Mzizi uvuke ukiwa umekingama mbele ya tairi. Ukiupanda kimshazari, tairi huufuata mzizi wenyewe na kukupeleka pembeni.

Angalia na upepo. Tairi la inchi 26 kwa 1.95, kwa mtu wa kilo 70 hivi, paundi 30 hadi 35 zinatosha. Mafundi wengi hujaza mpaka tairi linalia kama ngoma, wamezoea baiskeli za kubebea mkaa. Ila ukipunguza mno, ringi itaibana tyubu kwenye mzizi: utakuta matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona hayo usihangaike kutafuta mwiba, ongeza upepo.

SWALI: Nikikutana na lori la magogo kwenye kona, nikae upande gani?

JIBU: Toka barabarani kabisa, ushuke. Magogo hutokeza nyuma ya trela, na lori likikata kulia, mkia wake hufagia kushoto hadi nje ya barabara. Watu hukwepa kichwa wakasahau mkia. Usirudi njiani kabla vumbi halijatua. Huenda kuna la pili nyuma yake.

SWALI: Nyuki wakinivamia, nitupe baiskeli nikimbie?

JIBU: Kama njia iko wazi usiitupe, itakutoa haraka kuliko miguu. Vuta shingo ya fulana hadi puani, usipunge mikono, na usisimame mpaka upate nyumba au gari la kufunga milango. Mtoni usiingie, watakungoja juu ya maji. Miiba ikwanguliwe kwa ukucha mara moja, maana kadiri inavyokaa ndivyo sumu inavyozidi kuingia. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, ni hospitali papo hapo, hata kama umeumwa na mmoja tu.