Maswali ya Wasomaji: Siku Moja Bagamoyo, Tuanzie Wapi?

SWALI: Shikamoo anti. Mi nipo Morogoro, nina mume na watoto wawili, mmoja darasa la nne mwingine form one, na mama yangu mzazi tunaishi naye, miguu yake sio mizuri sana. Tumepanga Desemba hii twende kutembea Bagamoyo siku moja tu maana likizo ya mume wangu ni fupi. Kuna kampuni ya Dar imetupa ofa, wanakuchukua Dar asubuhi na kibasi chao, wanakuzungusha sehemu 12, chakula cha mchana hotelini, jioni wanakurudisha Dar, ila bei imenishtua. Mume wangu yeye anasema kwanini tumlipe mtu wakati majengo yenyewe yamesimama tu pale barabarani, tutasoma kwenye simu. Nisaidie anti, tulipe au tuzunguke wenyewe, na tuanzie wapi? – Mama wa Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama msalimie sana.

Kwanza hiyo habari ya kwenda Dar iondoe kabisa. Mtu anayetoka Morogoro hana sababu ya kupita Dar kwenda Bagamoyo, ukifika Chalinze kata kushoto kama unaenda Tanga, ukifika Msata kata kulia, hapo ni lami kilomita 64 mpaka Bagamoyo na foleni ya Kimara huioni. Hiyo ofa ni nzuri kwa mtu yuko Dar hana gari na hataki kuhangaika, ila kwenu nyie ni kulipa pesa ili mzunguke. Muondoke alfajiri, na kama bajeti inaruhusu fikeni jioni ya kuamkia siku yenyewe mlale, guest house zipo za kila bei, asubuhi mnaamka mko palepale na mama hajachoka.

Pili, sehemu 12 kwa siku moja ni nyingi mno. Ukizigawa kwa masaa utaona kinachobaki ni kupanda na kushuka kwenye gari, mnapiga picha mlangoni mnaondoka, watoto wakifika nyumbani ukiwauliza wameona nini watakwambia soda. Mi naomba mchague nne, Kaole yenye magofu ya mji wa kale, Misheni ya Wakatoliki, Caravan Serai ambapo misafara ya kutoka bara ilikuwa inapumzika, na Ngome Kongwe, afu jioni mtembee taratibu mtaa wa India mpaka baharini. Basi. Siku imejaa hiyo.

Sasa kwa shemeji, naomba anisikilize kwa hili maana najua wengi wanafikiria kama yeye. Majengo kweli yamesimama, lakini chukulia Kaole. Ukiingia pale peke yako unaona kuta za mawe ya matumbawe zimekatika nusu, nyasi, makaburi, mibuyu, dakika kumi umemaliza unauliza mbona hakuna kitu. Ukiwa na mtu anayejua anakusimamisha kwenye msikiti wa karne ya 13, anakuonyesha mihrabu ilipokuwa, kisima walichokuwa wanachukulia udhu, anakuonyesha kaburi lenye nguzo na vile vitundu ambavyo walipachika mabakuli ya China, afu anakupeleka kwenye kile chumba cha makumbusho unaona vipande vyenyewe vya vyombo, na hapo ndo mtoto wa form one anaelewa kwamba watu wa hapa walikuwa wanafanya biashara na dunia nzima miaka mia sita iliyopita kabla hajafika Mreno wala Mjerumani. Na atawaonyesha mikoko, maana bandari ilikuwa pale, mchanga ukajaa na mikoko ikaota, maji yakawa mbali na watu wakahama. Simu haiwezi kukusimamisha mahali ikakwambia geuka uangalie nyuma yako. Na hela unayomlipa kijana wa Bagamoyo inabaki Bagamoyo, hilo nalo ni muhimu kwangu.

Kwahiyo lipeni, ila mlipe muongozaji wa hapohapo Bagamoyo na sio kampuni ya mbali. Muombeni kitambulisho chake cha kazi kabla hamjaanza. Mkubaliane bei kabla ya kuinua mguu, na muulize wazi hiyo bei ni ya kundi zima au ya kila kichwa, na viingilio vimo au havimo, kwasababu ugomvi mwingi jioni unatokea hapo. Viingilio vya Mtanzania ni tofauti na vya mgeni kutoka nje na ni nafuu sana, bebeni vitambulisho tu, na sehemu za serikali siku hizi malipo ni ya kontroli namba kwahiyo simu iwe na salio na chaji. Misheni ni mali ya kanisa, wana utaratibu wao.

Kaole iwe ya kwanza, saa mbili asubuhi mko pale, ni kama kilomita 5 kusini mwa mji na gari inafika. Sababu ni jua. Saa sita pale hata kivuli cha mbuyu hakikusaidii, hasa kwa mama. Kuna mbuyu mkubwa sana ambao watawaambia ukiuzunguka unaongezewa mwaka wa kuishi, waacheni watoto wazunguke. Kuna kaburi la Sharifa ambalo mpaka leo watu wanakwenda kuomba dua, hapo muwaambie watoto washushe sauti, na nyie wanawake muwe na khanga au mtandio mkononi. Ni makaburi ya watu yale, na kuna wajukuu zao wanaishi palepale kijijini.

Kutoka Kaole nendeni Misheni, na hapa msiwe na haraka. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuja kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakawa wananunua watu sokoni wanawaacha huru, wakaanzisha kijiji chao. Makumbusho ipo kwenye nyumba ya zamani ya masista, ndani kuna picha, kuna minyororo yenyewe, mtoto wa darasa la nne mshike mkono maana ni nzito hiyo. Nje kuna mbuyu walioupanda wao wenyewe wale mapadre, umemeza mnyororo ambao mama mmoja wa Kifaransa alikuwa anafungia punda wake, mti ukaendelea kunenepa mnyororo ukabaki kipande tu. Mama akitaka kukaa akae kwenye kivuli cha miembe, pale hewa ni nzuri, nyie mkamalize.

Halafu palepale Misheni kuna ule mnara. Kila muongozaji atawaambia hapa ndo uliletwa mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, Februari 1874, ukalala hapa kabla ya kuvushwa Zanzibar na baadae kuzikwa London. Ni kweli. Lakini naomba mimi, na hili naomba sana, mumuulize aliletwa na nani. Livingstone alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo. Waliokuwa naye wakauzika moyo wake palepale chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani, kama miezi tisa njiani, wengine wakafa kwa homa. Walioongoza ile safari ni Susi na Chuma. Mzee mmoja anapewa mnara mzima na waliombeba hata sentensi moja hawapati, mimi hilo linaniuma, na watoto wetu ni hao Chuma na Susi wanaotakiwa kuwajua kwanza. Muongozaji akijua habari zao na akawasimulia bila kukimbia, mmepata mtu mzuri, muongezeeni chochote.

Mchana kuleni soko la samaki, hotelini sio lazima. Mnada unafanyika palepale mashua zikiingia, unachagua samaki wako unakaangiwa, ugali au mihogo, pilipili na ndimu. Watoto wataangalia mnada wasahau kula.

Mchana ule ndo muingie Caravan Serai, kuna kivuli, na Ngome Kongwe ambayo ilianza kama nyumba ya Mwarabu mwaka 1860, Sultan Barghash wa Zanzibar akaiongeza, Mjerumani akaweka askari, baadae ikawa gereza na polisi. Mtaa wa India ni wa kutembea tu, milango ya kuchonga, vibaraza, Boma la Mjerumani la mwaka 1897 mnaliona mnapita. Mama akichoka bajaji zipo.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari hapa Pwani. Tulipeleka form two Bagamoyo na muongozaji aliyetuzungusha aliwaambia wanafunzi kwamba kila aliyebeba pembe za ndovu kuja pwani alikuwa mtumwa, na kwamba Abushiri alinyongwa pale Bagamoyo. Nilinyamaza nisimuaibishe mbele ya watoto ila sasa wananiandikia hivyo kwenye mtihani. Nifanyeje nikiwapeleka tena? – Mwalimu wa Historia, Mlandizi

JIBU: Nzuri mwalimu, na hongera kwa kuwatoa watoto darasani, sio shule nyingi zinafanya.

La Abushiri ni rahisi. Abushiri bin Salim aliongoza vita ya kumpinga Mjerumani pwani mwaka 1888 na 1889, Bagamoyo ilipigwa kweli, lakini yeye alikamatwa akanyongwa Pangani, Desemba 1889. Bagamoyo nako Wajerumani walinyonga watu waliowapinga na mahali pake pana alama karibu na bahari, ndo maana mtu anachanganya. Ukiwa pale waambie wanafunzi walionyongwa hapa walikuwepo na wana haki ya kukumbukwa wao kama wao, sio mpaka tuwabandike jina la Abushiri.

La pembe ni zito zaidi. Utumwa ulikuwepo Bagamoyo, watu waliletwa wamefungwa, na hata baada ya mkataba wa 1873 uliofunga masoko ya watumwa biashara iliendelea kwa kificho, hilo mtu asilipunguze. Lakini misafara ile mikubwa ya kutoka Ujiji na Tabora ilibebwa zaidi na wapagazi, yaani wabeba mizigo, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu huru wanaolipwa, wengine wana sifa ya upagazi kwao, wanakuja kwa maelfu wanapiga kambi mjini wanasubiri mzigo wa kurudi nao bara, nguo, shanga, waya. Walikuwa wanabishania ujira, wanagoma, wanatoroka wakionewa. Ukimwambia mtoto wa Kinyamwezi darasani kwako kwamba babu zake wote walikuja pwani kwa mnyororo umemnyang'anya kitu chake. Caravan Serai ndo pahala pa kulifundishia hili, wakae chini uani pale, uwaulize mzigo ule ulikuwa unabebwa na nani na kwa malipo gani.

Hapohapo wapeleke kwa Sewa Haji. Mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, kazi yake kubwa ilikuwa kutafutia misafara wapagazi na bidhaa, akatajirika, akatoa jengo la shule Bagamoyo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto wa rangi zote, na hela ya hospitali Dar. Wanafunzi wako wengi wameshasikia jengo la Sewahaji pale Muhimbili, ndo huyo.

Na uwatajie Shehe Ramiya. Alitoka Manyema, Kongo ya leo, akiwa mtoto, aliletwa Bagamoyo kama mtumwa, akasoma dini, akawa shehe mkubwa wa tarika ya Kadiria ambaye maulidi yake yalikuwa yanavuta watu kutoka mbali, alifariki 1931. Mtu aliyeingia mji ule akiwa mali ya mtu akaishia kuwa kiongozi ambaye mji mzima unamfuata, sijui kwanini ziara nyingi zinampita.

Kuhusu muongozaji, usimkosoe mbele ya watoto, ulifanya vizuri. Ila safari ijayo mpigie siku mbili kabla, mwambie mwalimu anataka mambo haya na haya, hata umtumie kwa meseji. Wengi ni vijana wazuri tu waliofundishwa na waliowatangulia, ukiwapa kitu cha kweli wanakichukua na kundi linalofuata linafaidika. Na watoto wape daftari, kila mmoja aje na swali moja la kumuuliza, yaani muongozaji akishaanza kuulizwa anaamka kabisa.

SWALI: Mambo vipi, niko Mbagala sina gari, nataka kwenda na mchumba wangu Jumamosi tuzunguke na turudi siku hiyohiyo, inawezekana? Na lile tamasha la ngoma ni lini? – Kijana wa Mbagala

JIBU: Poa. Inawezekana vizuri. Fikeni stendi ya Makumbusho hapo Dar mapema, kuna magari ya Bagamoyo muda wote yanapita Tegeta na Bunju, na nyie mnaotoka Mbagala muhesabu na muda wa kuvuka mji. Mkifika chukueni muongozaji wa masaa matatu au manne badala ya siku nzima, mfanye Misheni, Ngome na mtaa wa India kwa miguu, Kaole mchukue bajaji kwenda na kurudi na mumwambie dereva awasubiri, bei mpatane mwanzo. Anzeni kurudi saa kumi na moja, msingoje giza, magari yanapungua na ya mwisho yanajaa mpaka mlangoni.

Tamasha ni la chuo cha sanaa, TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambacho kipo tangu 1981, linafanyika kila mwaka ila tarehe zinahama kwahiyo fuatilieni matangazo ya chuo chenyewe. Wiki ile vyumba vinaisha, kama mnataka kulala wekeni nafasi mapema. Na hata nje ya tamasha pitieni pale chuoni muulize, mara nyingine wanafunzi wanafanya mazoezi ya ngoma na ukiomba kwa adabu wanakuruhusu kukaa kuangalia.