Jibu: Unga wa mbao wa karakana ya Changamwe

Ndugu yangu, umeuliza kama unga wa mbao unaorundikana karakanani kwako Changamwe unaweza kuwa makaa. Unaweza, ila tenganisha kwanza. Unga wa MDF (mbao za kiwandani za nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi), plaiwudi na nguzo zilizotiwa dawa usiutie jikoni wala kwenye banda la kuku. Dawa ya nguzo mara nyingi huwa na aseniki, na moshi wake ni sumu. Hapo sina mzaha kabisa.

Wa mbao safi, usiufinyange mbichi, utatoa moshi wa kuliza jikoni. Uchome kwenye pipa lenye hewa kidogo mpaka uwe mweusi tititi, changanya na vumbi la makaa kutoka kwa wauza makaa, kisha kanda na uji wa muhogo. Tonge likibanwa kiganjani lishikane bila kutiririsha maji. Kausha juani siku kadhaa, maana unyevu wetu wa Pwani ni mkaidi, na wakati wa masika weka chini ya paa lenye upepo.

Maranda nayo wauzie wafugaji wa kuku, wayatandaze bandani. Yakishalowa kinyesi na kuozeshwa, ni mbolea. Mabichi yasiende shambani, yatanyang'anya mimea naitrojeni, chakula chake cha udongoni.