Mnaoanza kutafuta treki kwenye TPC, anzeni na gesi

Naona wengi wakiingia kwenye hii kazi ya kutafuta treki, yaani njia za chembe ndogo, ndani ya TPC (time projection chamber, detekta ya gesi inayoonyesha chembe zilipopita), wanakimbilia Kalman filta (hesabu ya kufuata treki hatua kwa hatua) siku ya kwanza, wengine wanataka neurali netiweki kabisa, halafu ukiwauliza ndani ya detekta kuna gesi gani wanakutolea macho. Rudini nyuma kidogo jamani.

Ntatumia TPC ya jaribio la ALICE pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe. Ni pipa la urefu wa mita 5 na kipenyo karibu hichohicho, limejaa neoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi na naitrojeni kidogo, katikati kuna utando wenye volti kama laki moja. Chembe yenye chaji ikipita inang'oa elektroni kwenye gesi, umeme unazisukuma hizo elektroni mpaka mwisho wa pipa, huko ndo zinasomwa na pedi, vibamba vidogo vya kupokea ishara. Safari ndefu kabisa ni mita 2.5, inachukua kama maikrosekunde 100. Sasa x na y unazipata kwa kuangalia pedi ipi imepigwa, ila z, yaani mahali kwenye urefu wa pipa, haipimwi moja kwa moja, unaikokotoa kwa muda mara kasi, na mateso yako mengi yatatokea hapohapo.

Kwa nini? Hiyo kasi inabadilika na joto, inabadilika na presha, yaani hali ya hewa ya nje ikibadilika na treki zako zinasogea. Ukikosea kasi kwa moja tu katika elfu, kwenye mita 2.5 umeshahama milimita 2.5, wakati unatafuta usahihi wa chini ya milimita. Ndo maana wanapiga leza ndani ya gesi, miale iliyonyooka ambayo mahali pake panajulikana, wanalinganisha.

Kwa hiyo kabla hujagusa algorithimu chora residuali, tofauti kati ya hiti (nukta ambapo ishara imesomwa) na treki, dhidi ya umbali ambao elektroni zimesafiri. Tofauti ikikua kadiri umbali unavyokua, kasi yako ndo mbovu. Ikiwa ileile mwanzo hadi mwisho, saa yako imeanza kuhesabu mapema au imechelewa. Zote mbili zinavunja treki inayokatiza utando wa katikati, vipande havikutani, so kuangalia mvunjiko peke yake hakukusaidii. Na tumia detekta nyingine kama rejea, mfano ITS, detekta ya silikoni iliyoko ndani zaidi, maana fiti (kulinganisha treki na hiti) ya TPC peke yake inaweza kulimeza kosa lote ukaona kila kitu kiko shwari.

Kishawishi kikubwa ni chi-skwea (kipimo cha jinsi treki inavyolingana na hiti) ikikaa vibaya unaongeza ukubwa wa makosa kwenye fiti mpaka itulie. Usifanye hivyo aisee. Ni kweli wingu la elektroni linatanuka kwa kipeuo cha pili cha umbali, hivyo hiti zilizotoka mbali zina haki ya kuwa na makosa makubwa zaidi, hilo liweke. Lakini residuali zote zikiegemea upande mmoja hiyo si kelele, ni kalibresheni, yaani vipimo vyako havijarekebishwa sawasawa.

Halafu kuna hii ya siku hizi, baada ya kufunga GEM (karatasi nyembamba zenye vitundu za kukuza ishara) pipa linasomwa mfululizo bila triga, yaani bila kungoja amri ya kuanza kusoma. Migongano ya viini vya risasi (ile metali) kwa risasi ikifika 50,000 kwa sekunde, kila maikrosekunde 20 kuna mpya kwa wastani, kwa hiyo kama mitano inapishana ndani ya gesi muda mmoja na hiti haijui imetoka kwa upi. Unatafuta treki kwanza bila kujua z kamili, z inakuja baadaye ukishaioanisha na ITS. Ayoni, yaani atomi zilizong'olewa elektroni, nazo zinatembea polepole mno, zinarundikana na kupinda njia za elektroni kwa sentimita kadhaa.

Kutafuta kwenyewe anzia nje ukija ndani, nje hiti hazijabanana sana. Na zile chembe dhaifu zinazojizungusha kwenye sumaku ya tesla 0.5, ziwinde mapema uzitoe, zinachafua picha kuliko unavyodhani.