Idadi ya maua ya triliamu haitoshi kujua afya yake

Ndugu, umeeleza kwamba kwa miaka mitatu umepata idadi ileile ya maua ya triliamu nyeupe, mmea wa msituni wenye majani matatu na ua moja jeupe, katika msitu wa jirani hapo Ontario, Kanada, ukauliza kama hiyo ni dalili ya afya. Nimeshiriki hesabu kama hiyo kila Mei kwa miaka tisa, na kwa maoni yangu idadi ya maua peke yake huficha mengi.

Sababu ni umri. Kwa kawaida mbegu hupitisha majira mawili ya baridi kabla jani halijatokeza juu ya udongo. Mche hukaa na jani moja, kisha matatu, na ua la kwanza huchukua miaka saba au zaidi. Kwa kuwa mmea uliokomaa huishi miaka mingi, msitu unaweza kumeremeta kwa maua ya wazee ilhali chini yao hakuna warithi. Ndiyo maana sisi huchomeka vigingi vya kudumu, tukapiga magoti katika kila mraba wa mita moja, tukahesabu kwa makundi: wenye jani moja, wenye matatu bila ua, na wenye ua. Wale wa jani moja hujificha chini ya majani makavu, nao ndio ninaowatafuta kwa bidii kuliko wote.

Pima pia urefu wa mashina yenye maua. Kulungu wa mkia mweupe hupenda kula mimea mirefu, na ukiliwa kichwa mmea hupoteza majani yake yote, hauchipui tena hadi mwaka unaofuata, mara nyingi ukiwa mdogo zaidi na bila ua. Wastani wa urefu ukishuka mwaka hadi mwaka, kulungu wamezidi, hata kama maua bado yapo.

Petali zenye mistari ya kijani ziandike kando. Huo ni ugonjwa wa fitoplazma, aina ya bakteria wanaoishi ndani ya mimea, ingawa wapo wanaouona kuwa urembo. Rangi ya waridi isikutishe, kwani ndivyo ua linavyozeeka.

Katika mraba wetu wa nne tulikuta maua kumi na moja na hakuna mche hata mmoja wa jani moja. Tumeuzungushia wavu, na Mei ijayo tutapiga magoti hapohapo.