Hostingi ya "bila kikomo" kwa dola 3, angalia hivi mbele ya kulipa

Ndugu yangu, umeuliza kama ile hostingi (kampuni inakupangisha nafasi ya kuweka siti kwenye mtandao) ya dola 3 kwa mwezi, yenye wanasema nafasi bila kikomo na siti kuwa hewani 99.9% ya wakati, inaweza kubeba siti ya duka lako la vitenge la Birere. Usikimbilie kulipa mwaka mzima. Diski isiyo na mwisho haiko, fungua masharti, yale maandishi madogo yenye watu hawasomaka, tafuta idadi ya faili wanakuruhusu (wanaitaka inodi), sababu picha, imeili, kila kitu kinahesabiwa faili moja moja, mimi walinifungia siti diski haijafika hata nusu, kuuliza wananiambia nipande forfe ya juu, eti bila kikomo!

Ile 99.9% nayo piga hesabu: siti inaweza lala karibu dakika 43 kila mwezi na bado wako sawa na tangazo lao. Weka UptimeRobot, huduma ya mtandao yenye inaangalia kama siti iko hewani, ile ya bure inapima kila dakika 5. Usipime na simu yako tu, hapa Goma koneksio ikikatika utasingizia seva bure.

Bei ya dola 3 mara mingi ni ya mwanzo, uliza utalipa ngapi mwaka wa pili. Chukua mwezi moja kwanza, halafu andikia saporti usiku, omba warudishe bakapu (kopi ya siti) ya jana, uone wanajibu saa ngapi. Na domeni (jina la siti) nunua kwengine, siku ya kuhama hautabembeleza mtu.