Umefunga kadi ya grafiki, kioo kimebaki cheusi

Kompyuta imewaka, feni zinazunguka, lakini monita inakwambia haipati kitu kisha inalala. Wengi wakifika hapo huamua kadi imekufa, na kama ni ya mtumba wanakwenda kugombana na muuzaji. Nakuomba usianze na ugomvi. Kadi nilizoletewa kwa lalamiko hilo, nyingi zilikuwa nzima kabisa.

Angalia kwanza waya wa monita umechomekwa wapi. Kompyuta nyingi zikishaiona kadi mpya huzima matundu ya picha ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), kwa hiyo waya ukibaki palepale ulipokuwa, hutaona kitu. Uhamishie kwenye kadi.

Kama monita yako ni ya zamani yenye tundu la VGA, lile la picha ya analogi, kuna kikwazo kingine. Kadi za NVIDIA za GTX 1050 na wenzake hazitoi tena picha ya analogi, hata kwenye tundu la DVI, aina nyingine ya tundu la picha. Utaigundua ile adapta ndogo ya bei rahisi ya DVI kwenda VGA: ina pini nne zinazozunguka kipande bapa, na kwenye kadi hizi pini hizo hazina pa kuingia. Usizikate wala kuzikunja ili ziingie. Nunua adapta ya HDMI kwenda VGA yenye saketi ndani yake.

Lakini kinachosumbua zaidi huku kwetu ni umeme, kwa kuwa tunanunua sana kompyuta za ofisini zilizotumika. Chukua Dell OptiPlex 7010 ya mnara: pawa saplai yake, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, ni wati 275 kwa kila kitu kilichomo. Kijana mmoja anayehariri video za harusi aliniletea mashine ya namna hiyo ikiwa na RX 580, kadi ambayo peke yake imepimwa wati 185. Pawa saplai haikuwa na waya wa pini 8, basi aliyemfungia alitumia adapta inayochota umeme kwenye waya wa SATA, ule wa diski. Hilo linanikera, maana ni hatari. Kichwa cha SATA kimetengenezwa kubeba wati 54 kwenye laini ya volti 12, wakati tundu la pini 8 limeruhusiwa kuvuta hadi 150. Plastiki ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Kadi ile niliihamishia kwenye mashine yenye pawa saplai ya wati 550, picha ikaja mara moja. Yeye nilimshauri aibadilishe na GTX 1050 Ti isiyo na tundu la umeme, kwa sababu sloti ya PCIe yenyewe, pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi, hutoa hadi wati 75 na kadi hiyo inatosheka nazo.

Umeme ukiwa sawa, chomoa waya wa ukutani, toa kadi, irudishe kwa kuikandamiza hadi kile kilimi cha mwisho wa sloti kilie. Toa pia betri ya CR2032, ile ya duara kwenye mazabodi, dakika chache ili BIOS (programu ndogo inayoiwasha kompyuta) irudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Mazabodi za zamani wakati mwingine huhitaji BIOS mpya, na hiyo iweke ukiwa umeichomoa kadi. Kama waya wako wa monita ni wa DisplayPort, jaribu wa HDMI: mwaka 2018 NVIDIA ilitoa marekebisho ya kadi zake za GTX 900 na 1000, ambazo kwa baadhi ya monita hazikuonyesha kitu hadi Windows ifunguke.

Ukiitoa kadi na picha ikarudi kupitia mazabodi, mashine yako ni nzima. Jaribio hili halifai kwa prosesa za Intel zenye herufi F, mfano i5-9400F, kwani hazina grafiki ndani yake.

Na usihukumu kwa feni. Kadi nyingi za sasa husimamisha feni zikiwa za baridi. Ijaribu kwenye kompyuta nyingine yenye umeme wa kutosha. Ikigoma na huko, mrudishie muuzaji, na utakayopewa badala yake iwashwe dukani ukiiona.